SAUTI ISIYO NA SANADI: UHAKIKI WA REKODI ZA "MILIKI YA UMMA" KATIKA INTANETI



Maimamu wengi na wanafunzi wa dini leo hutafuta katika intaneti sauti za wasomaji wa zamani wa Qur'ani, darsa za masheikh waliotangulia mbele ya haki, na filamu za kale za Hija. Wakikuta pameandikwa kuwa rekodi fulani ni "miliki ya umma", yaani haki yake ya kisheria haimo tena mikononi mwa mtu maalumu, huipakua, huinakili, huisambaza misikitini, na wengine huiuza. Jambo hili lina kheri nyingi. Lakini ndani yake mna masuala mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni: sauti hii ni ya nani, na haki yake ni ya nani? Suala la kwanza ni la sanadi na la pili ni la milki. Maneno "miliki ya umma" yaliyobandikwa juu ya rekodi hayatoshi kujibu hata moja kati ya hayo. Tutalieleza hili kwa mfano mmoja mashuhuri, kisha tuzungumzie hukumu.

KISA CHA SURATU DHUHA YA "MWAKA 1885"

Imeenea kwa muda mrefu rekodi fupi ya msomaji anayesoma Suratu Dhuha, nyuma ya sauti yake ukisikia mkwaruzo wa chombo cha zamani. Waisambazao huandika kwamba hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya Qur'ani duniani, na kwamba ilirekodiwa Makka mwaka 1885 na Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje. Khatibu huinukuu, kijana humtumia mwenzake, na kila mmoja humtegemea aliyemtangulia.

Maulamaa wa hadithi walikuwa na njia ya kumfichua mpokezi wa uwongo: walimuuliza tarehe. Akisema kamsikia fulani, walitazama fulani alikufa lini na yeye kazaliwa lini. Na sisi tufanye hivyo hivyo kwa rekodi hii.

Snouck Hurgronje, aliyezaliwa 1857 na kufa 1936, alifika Jedda mwaka 1884, akaingia Makka mapema mwaka 1885 kwa jina la Abdulghaffar, akakaa miezi michache, kisha akatolewa Hijaz mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Hakurudi tena Makka. Sasa tutazame chombo. Thomas Edison alitengeneza santuri yake ya kwanza mwaka 1877, nayo ilinasa sauti juu ya karatasi ya bati ambayo baada ya kuchezwa mara chache tu ilikuwa imeharibika. Silinda ya nta ilitokana na kazi ya Chichester Bell na Charles Tainter, waliopewa hataza yao Marekani mwezi wa Mei 1886. Edison naye alitoa santuri yake mpya ya nta mwaka 1888. Basi mtu aliyekuwa Makka katikati ya mwaka 1885 angeipata wapi silinda ya nta ambayo ilikuwa bado haijafika sokoni?

Asili ya kosa si ngumu kuiona. Mwaka 1885 ni mwaka wa safari yake na wa picha. Snouck alipiga picha huko, na baadaye daktari mmoja wa Makka, Sayyid Abdulghaffar, akapiga nyingine nyingi, zikachapishwa Ulaya mwaka 1888 na 1889. Ama rekodi za sauti zilizomo katika mkusanyiko wake, unaohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Leiden huko Uholanzi, ni silinda za nta zilizorekodiwa Hijaz kwa ajili yake mwanzoni mwa karne ya 20, wakati yeye mwenyewe hayuko huko. Mtu asiyejulikana akachukua tarehe ya picha akaipa sauti, na mtu wa pili akaongeza kwamba ni rekodi ya kwanza duniani.

Huenda msomaji akauliza: miaka ishirini ina uzito gani, maadamu ni Suratu Dhuha na msomaji ni Mwislamu? Jawabu ni kwamba aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha tuthibitishe khabari kabla ya kuitendea kazi, na aya ya 36 ya Suratul Israa imetukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Imamu anayesema juu ya mimbari jambo lisilo kweli kuhusu usomaji wa Qur'ani amezoesha masikio ya watu kupokea khabari bila ya sanadi. Leo wanapokea tarehe ya uwongo. Kesho watapokea qiraa ya uwongo, na leo hii kompyuta zinaweza kuunda sauti inayofanana na ya sheikh aliyekufa, ikasema ambayo yeye hakuyasema.

Kuna lawama nyingine ambayo hatuwezi kuinyamazia. Jina linaloongoza katika mkusanyiko huo ni la mkusanyaji. Hizo zinaitwa silinda za Snouck, mtu ambaye tangu mwaka 1889 alikuwa mshauri wa serikali ya kikoloni ya Uholanzi katika visiwa vya Indonesia. Ama msomaji aliyesoma, wengi wanaoisikiliza sauti yake hawajui hata kuuliza jina lake. Hali kama hiyo iliwafika wenye picha: kwa muda mrefu jina lililojulikana lilikuwa la Mholanzi peke yake, na la daktari wa Makka halikutajwa. Twawashukuru watu wa Leiden kwa kuhifadhi, kwani nta ni kitu dhaifu kinachoota kuvu na kuvunjika. Lakini kuhifadhi sauti na kumsahau mwenye sauti ni amana iliyotekelezwa nusu.

MAULAMAA WA KWANZA NA SANTURI

Wasomaji wetu wasidhani kwamba suala hili ni geni kwa wanavyuoni. Sayyid Uthman bin Abdallah bin Aqil bin Yahya wa Batavia, mmoja wa masharifu wa Baalawi wenye asili ya Hadhramaut, ambao matawi yao yako Lamu, Unguja na Ngazija, aliandika fatwa kuhusu santuri na usomaji wa Qur'ani mwaka 1899. Huko Misri, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, ambaye baadaye alikuwa Mufti wa nchi hiyo, aliandika risala juu ya santuri, ikachapishwa Cairo mwaka 1906. Kwa hiyo hata miaka thelathini haijapita tangu kifaa kilipobuniwa, maulamaa wetu walikwisha kukaa kitako na kukitazama kwa jicho la fiqhi.

Hawakuwa na haja ya kuuliza suala la milki kama tunavyoliuliza leo, kwa sababu sauti ya zama zao ilikuwa imefungwa ndani ya silinda au sahani inayouzwa dukani. Aliyeinunua aliimiliki. Leo sauti imetoka katika chombo chake, inanakiliwa mara elfu na ya asili haipungui kitu. Hapo ndipo penye mas'ala mapya.

MILKI: VITU VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988 (Jumadal Ula 1409), Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jedda, lilikata kauli kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa kisheria, zina thamani ya mali, wenyewe wana haki ya kuzitumia watakavyo, na haijuzu kuzivamia. Wako maulamaa waliokuwa na rai nyingine. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakukubali kuwa haki ya kunakili ni mali ya kuuzwa, hali mwanawe, Sheikh Taqi Usmani, ameikubali. Tunaitaja khilafu hii ili mwanafunzi aijue, na sisi twaifuata kauli ya Baraza kwa sababu urfu ya watu leo imezihesabu haki hizi kuwa mali, na katika miamala urfu ina nguvu yake.

Ikiwa ni hivyo, basi rekodi isiyo na mwenyewe anayeonekana yaweza kuwa moja ya vitu vitatu.

Kwanza, iwe mfano wa sabili. Mwenyewe yuhai au warithi wake wapo, na kwa ulimi wao au kwa maandishi wameiachia umma. Hii ndiyo iliyo safi kuliko zote, kwa sharti kwamba aliyeitoa awe na haki ya kuitoa. Na akiweka masharti, kama vile isiuzwe au isikatwe, masharti yake hufuatwa.

Pili, iwe mubaha kwa kupita muda. Sheria ya nchi imeweka ukomo wa ulinzi na ukomo huo umefika. Hapa hakuna aliyetoa kitu. Ni makosa kuiita waqfu, kwani waqfu hauwi bila ya mwenye kuweka waqfu. Tofauti hii ina faida yake: kilichokuwa mubaha katika nchi moja chaweza kuwa bado ni haki ya mtu katika nchi nyingine.

Tatu, ifanane na luqata, yaani kitu kilichookotwa. Mwenyewe hajulikani, wala haijulikani kama ameacha haki yake. Sehemu kubwa ya sauti za zamani zilizomo katika intaneti ni za aina hii, nazo ndizo hasa zinazobandikwa "miliki ya umma" kwa ujasiri. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwokotaji akijue chombo cha kitu na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Tunakiri kwamba qiyasi hii haikamiliki, kwa kuwa luqata ni kitu chenye dhati yake, na mwenyewe hukikosa kinapochukuliwa, ambapo rekodi hunakiliwa na ya asili ikabaki. Hata hivyo adabu yake inafaa kuigwa: andika alama za ulichokiokota, tangaza, na kiri kwamba si chako.

SHERIA ZA NCHI HAZIKO SAWA

Watu hudhani "miliki ya umma" ni hukumu moja kwa dunia nzima. Siyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu miaka 50 kwa rekodi ya sauti tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Misri, kwa sheria yake namba 82 ya mwaka 2002, nayo imeweka miaka 50 kwa msomaji na kwa mtengenezaji wa rekodi. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, mbali na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999. Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa tarehe 1 Januari 2022. Zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100. Na zile zilizotolewa kuanzia 1957 na kurekodiwa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hulindwa hadi tarehe 15 Februari 2067.

Chukua sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Hatuingii hapa katika hukumu ya kuzisikiliza, muradi wetu ni hesabu tu. Kwa kipimo cha miaka 50 ulinzi wake ulikwisha na mwaka 1978. Kwa Marekani utakwisha na mwaka 2028. Rekodi ni moja na hukumu ni mbili.

Chukua tena filamu ya Hija iliyopigwa na Mholanzi George Krugers na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Mtu akiuona mwaka huo husema bila ya kusita kwamba filamu ya karibu karne nzima haina mwenyewe. Lakini kwa sheria ya Uholanzi hesabu haianzii kwenye mwaka wa filamu. Huanzia kwenye kifo cha wa mwisho kati ya watungaji wake wakuu, kisha huongezwa miaka 70. Anayetaka kuitumia huko hana budi kwanza kujua tarehe za vifo vya watu.

Darsa zina ugumu wa ziada, nao ni kwamba ndani yake mna haki mbili. Maneno ya Qur'ani si milki ya yeyote, lakini maneno ya sheikh anayefasiri ni utunzi wake, na kanda iliyoyanasa ni haki nyingine. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968 hadi 1981, alifariki mwaka 1982. Mtu mwenye kanda ya darsa yake iliyonaswa, tuseme, mwaka 1970, ataona kwamba kwa sheria ya Kenya kanda hiyo ilifika ukomo wake na mwaka 2020. Lakini maneno ya sheikh hulindwa maisha yake na miaka 50 baada yake, yaani hadi mwisho wa mwaka 2032. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alifariki mwaka 1947, kwa hiyo ukomo wa maandishi yake kwa hesabu hiyo hiyo ulikuwa mwisho wa 1997. Kuwatia wote wawili katika kapu moja kwa kuwa ni "masheikh wa zamani" ni kutojua.

NANI ALIYEBANDIKA ALAMA?

Tukirudi katika intaneti, jambo la kwanza kutazamwa ni nani aliyeandika kwamba rekodi ni miliki ya umma. Hazina kubwa iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ina kheri isiyohesabika. Lakini katika sehemu zake ambazo watu wa kawaida huweka vitu vyao, alama ya haki hubandikwa na aliyeweka. Yeye kwa istilahi ya maulamaa wa hadithi ni majhuli: hatujui jina lake la kweli, wala uadilifu wake, wala umakini wake. Ikiwa Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary imebandikwa alama hiyo na mtu anayejiita kwa jina la utani, alama hiyo haina uzito wa ushahidi.

Wikimedia Commons ni bora kidogo katika hili, maana humtaka mwekaji ataje chimbuko la kitu na sababu ya kisheria, tena kiwe huru katika nchi kilikotoka na Marekani pia. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua mwaka 2011 hazina ya sahani za zamani iitwayo National Jukebox, na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina hazina ya silinda tangu 2005. Hizi hutaja jina, namba na tarehe ya kila rekodi kadiri zinavyojulikana. Mwenye kutafuta aanzie kwenye hazina za namna hii, ambazo mhifadhi wake ana jina na anuani, kisha ndipo ateremke kwenye zisizo na sanadi.

Jambo la pili ni ukamilifu wa sauti. Sheikh Muhammad Rifat wa Misri, aliyeifungua idhaa ya nchi hiyo kwa usomaji wake mwaka 1934 na kufariki mwaka 1950, sehemu kubwa ya sauti yake imetufikia kwa sababu wapenzi wake, akiwamo Zakaria Pasha Mahran, walimrekodi kutoka katika redio. Rekodi za namna hii huwa na pengo hapa na mkwaruzo pale, na wako wazisafishao na kuziunganisha. Anayejifunza waqfu na ibtidaa kutoka katika rekodi iliyoungwa aweza kudhani kwamba sheikh alisimama mahali asiposimama, kumbe aliyesimama ni mkasi. Kwa hiyo rekodi ya kusomea ipitiwe kwanza na mtu aliyepokea qiraa kwa mwalimu wake, mdomo kwa sikio, msahafu mkononi.

Jambo la tatu, kilichopo leo kesho chaweza kutoweka. Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta mwezi wa Oktoba 2023, na huduma zake nyingi, zikiwamo rekodi za sauti, zikafungika kwa muda mrefu. Aliyekuwa na nakala aliendelea kunufaika, na asiyekuwa nayo alingoja.

YALIYO WAJIBU WETU

Kutokana na tuliyoyataja, twaona yafuatayo. Haijuzu kumnasibishia mtu sauti kwa kutegemea kichwa cha habari cha mtu asiyejulikana, na ya "1885" isitajwe misikitini ila kwa kubainisha kosa lake. Rekodi iliyofikia ukomo wake katika nchi ya mtumiaji ni mubaha kwake, na kuwaomba idhini warithi wanaojulikana ni katika adabu njema, si wajibu. Rekodi iliyo na mfano wa luqata husikilizwa na kufundishiwa, lakini isiuzwe, na itangazwe pamoja na alama zake. Na mwenye haki iliyo hai aombwe, hata kama anayemwomba ni msikiti na nia ni thawabu, kwani nia njema haihalalishi mali ya mtu.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo zito zaidi. Sisi wenyewe tunatengeneza majhuli wa kesho. Kila Ramadhani darsa zetu hurekodiwa kwa simu na kurushwa bila ya jina la sheikh, bila ya tarehe, bila ya msikiti, bila ya kitabu kinachosomwa. Baada ya miaka hamsini wajukuu wetu watakuwa na sauti nyingi na sanadi hakuna. Basi kila kamati ya msikiti iweke daftari: jina kamili la mwalimu, tarehe ya Hijiria na ya Miladi, mahali, kitabu, aliyerekodi. Na sheikh angali hai aombwe aandike mbele ya mashahidi wawili kama darsa zake ni sabili kwa Waislamu au ni za warithi wake. Karatasi moja inatosha, na gharama yake ni wino.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.